Jina la Makokha

Rongai, 9 Juni 1956

Kwako Baba Makokha,

Huku tunakusalimu. Mahindi yamefika magotini. Blanketi ulilomtumia mkeo mdogo Milcah limefika pia. Mimi bado najifunika lile la zamani.

Mtoto wake amepona. Siku ya sita baada ya kuzaliwa aliacha kunyonya, kitovu kikanuka, mwili ukawaka moto. Wanawake wa kambi ya vibarua walisema wivu wangu ndio umemshika. Wivu ninao, sikatai. Lakini nilipogusa utosi wake ulikuwa umevimba, kama wa Makokha wetu siku ile uliposema tungoje kesho. Sikungoja. Tulipanda lori la maziwa mpaka hospitali ya Nakuru. Daktari alimtoa maji mgongoni, yakawa kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Alisema uchafu wa kitovu umeingia kwenye damu mpaka ukafika ubongoni. Mtoto alidungwa penisilini wiki tatu. Makokha wetu tulimzika bila kudungwa hata mara moja.

Sasa Milcah, kwa shukrani, anataka kumwita mtoto Makokha. Mwandikie umkataze. Blanketi amepata, mtoto amepata, na wewe amekupata. Mimi nimebaki na jina ninaloitwa tu.

Ni mimi,
Mama Makokha