Kompyuta Niliyoiomba Kaburini

Maganga, mtani wangu,

Mimi ndiye niliyelala kaburini mwako kabla yako, kwa hiyo nikikuambia pale ni pazuri usidhani nakufariji. Udongo wa Ntalikwa ni mchanga tu juu, lakini chini unakuwa mwekundu na una ubaridi unaopita kwenye shati taratibu. Ukilala chali unaona kipande cha mbingu chenye pembe nne. Siku ile kulikuwa na wingu moja tu, linaelekea mashariki, upande wa kwetu Ugogo, nikalitazama mpaka likapotea ukingoni. Kwa muda nilisahau kwamba nimeingia mle kwa kazi.

Kazi yenyewe unaijua, tuliahidiana. Wewe Mnyamwezi, mimi Mgogo wa Bahi, na utani wa makabila yetu ni wa tangu enzi za misafara, babu zako wakipita kwetu na pembe za ndovu mabegani, babu zangu wakiwazuia kisimani mpaka watoe hongo, yaani ushuru wa kupita. Tulisema atakayetangulia, mwenzake ataingia kaburini na hatatoka mpaka alipwe hongo yake. Wewe ulisema utadai ng'ombe. Mimi sikusema nitadai nini. Ugonjwa wako wa siko seli ulikuwa umeshatuambia ni nani atakayetangulia, ila sisi tulikuwa tunajifanya hatusikii.

Basi nikalala mle, jeneza likiwa mabegani mwa wajomba zako, jua linawachoma. Wakaniambia Mgogo toka, nikawajibu kwamba hakuna Mnyamwezi aliyewahi kupita Ugogo bure. Watu wakaanza kucheka. Wakanipa jogoo, nikamkataa. Wakaniuliza unataka nini basi, nami nikatafuta jambo la kipuuzi kuliko yote yaliyokuwa kichwani mwangu, nikapaza sauti: "Naomba kompyuta yake."

Walicheka, Maganga. Katekista aliinamia kitabu chake ili asionekane, na jeneza lenyewe lilitikisika kwa kicheko cha waliolibeba, nikafikiri na wewe unacheka humo ndani. Mtu mmoja tu hakucheka. Mama yako alikuwa amesimama kati ya wanawake wenzake, kitenge amekikaza mdomoni, ananitazama mimi mle chini kana kwamba ananiuliza kama nimetandikiwa vizuri.

Baba yako hakuchelewa. Alisema, "Umepewa. Toka." Na wewe unajua, mtani akiomba akapewa, harudi nyuma. Nikapanda juu na udongo mgongoni, nikiwa mwenye mali ambayo sikuitaka na nisiyojua hata inafungukia upande gani.

Mtani halii msibani. Kazi yake ni kuwachekesha wafiwa wapate kupumua. Nilifanya kazi yangu siku ile yote, nikavaa kofia yako, nikaiga unavyotembea ukiwa na hasira, na kila nilipomaliza nilimwangalia mama yako. Hakuna kitu. Nikaondoka pale nikijua kwamba kazi haijaisha, na kwa kuwa haijaisha, hata mimi sina ruhusa ya kulia.

Kompyuta niliiweka chumbani kwangu hapa Kanyenye, nikaifunika kanga. Kasha lile la rangi ya majivu, la mtumba, lililotoka ofisi fulani waliponunua mpya. Ndani ulikuwa umeshaweka karibu kila kitu isipokuwa kadi ya picha, ile ambayo ingeiwezesha kucheza mchezo wako wa malori, na kijiti kimoja cha ram kilichobaki. Usiku nilikuwa naota ndoto ileile. Naendesha lori kutoka Itigi kuja Tura, pale katikati ya pori ambapo wazee walipaita Mgunda Mkali kwa sababu ya kiu, na mbele yangu unatembea wewe. Umejitwika hilo kasha kichwani, waya wake unaburuta nyuma yako kwenye vumbi. Huonekani kuumwa. Napiga honi, hugeuki. Nataka kukupita, siwezi, na wala sikasiriki, nakufuata tu polepole na pori linapita pembeni kimyakimya.

Siku hizi lori wameniachia mwenyewe. Si utingo tena. Nilitaka ulijue hilo mapema, maana ungenitania sana na mimi ningependa kutaniwa.

Unakumbuka nilivyokuwa nikirudi safari, kabla sijaoga, napita kwako? Wewe uko kitandani au kwenye kile kiti cha ukindu, unatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na swali lako la kwanza siyo mizigo wala Dar ilikuwaje. Unauliza barabara. Mvua ilinyesha wapi? Pale Manyoni kuna baridi kiasi gani? Baridi ambayo ingekulaza wiki nzima kwa maumivu ya mifupa, ulitaka nikusimulie mpaka wanywaji chai wa kituoni wamevaa nini. Halafu unanionyesha barabara zako. Kwenye ile laptop yako ya zamani, mchezo ulikuwa unakuja vipandevipande, lori limeshafika lakini lami bado, miti imekaa kama ugali uliomwagika. Unaondoa mkono kwenye vitufe, unatulia. Nikikuuliza unafanya nini, unaniambia, "Naisubiri barabara."

Ndipo ulipoanza kunifundisha kuchagua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nafika Kariakoo. Sikuelewa hata nusu, lakini ulivyokuwa ukieleza nilipenda kusikiliza. Mtu wa kipato chetu, ulisema, anaanza na mashine nzima ya ofisini, haina sura lakini imezoea kazi. Ram anaweka vijiti viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, vipokezane mzigo kama wapagazi. Diski anatafuta ile mpya isiyozunguka, hata kama ni ndogo. Pawa saplai hanunui ya ovyo, kwa sababu ikiungua haiungui peke yake, na umeme wetu unaujua. Kadi ya picha inakuja mwisho, tena iwe ndogo, ile inayokunywa umeme wa ubao mkuu wa mashine bila kudai waya wake. Nilikuuliza kama hiyo kadi ya picha ni paspoti saizi au ya kuning'iniza ukutani. Ukacheka mpaka ukashika mbavu, na mimi nikaogopa, kwa sababu kwako kicheko na maumivu vilikuwa vinakaa jirani.

Siku moja nilikuletea habari za kasha la kioo nililoliona dukani, lina taa za rangi zote, linapendeza, bei siyo mbaya. Ulilifikiria kidogo, nikaona macho yako yamelitamani. Halafu ukasema, "Taa haziendeshi lori," ukarudi kwenye michembe yako.

Sasa sikiliza nilichofanya, na ukitaka kucheka, cheka. Nilikusanya posho za safari, nikaingia Kariakoo nimenyoosha shingo. Muuzaji akanionyesha kadi ndogo, nikaona aibu. Nikasema hapana, huyu ni mtu aliyekufa, hawezi kupewa kitu kidogo. Nikachukua kadi ndefu yenye feni tatu, iliyotumika, lakini inang'aa kama sahani ya harusi. Niliipakata njia nzima. Nilipita Bahi, kwa mama yangu mzazi, bila kushuka, nisije nikaulizwa nimebeba nini. Nikafika Tabora, nikafungua kasha lako, nikaiingiza. Haikuingia. Iligonga pale diski inapokaa, na hata ingeingia ilikuwa na tundu la waya ambao pawa saplai yako haikuwa nao. Nikaketi sakafuni nimeishika mapajani, na nikakusikia kabisa, na ile sauti yako ya kudeka: "Ndahani, umenunua injini ya treni uje kuifunga kwenye bajaji." Nikacheka peke yangu. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza nisichokitoa kwa ajili ya watu.

Safari iliyofuata nikairudisha. Muuzaji alikunja uso, bidhaa iliyotoka dukani hairudi, akanionyesha na tangazo. Nikamweleza kwamba mashine si yangu, ni ya marehemu, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wangu, nami nilipewa nikiwa kaburini. Yule bwana akaniangalia, akaweka miwani mezani. Kumbe ni Mzaramo. Yaani na yeye ni mtani wako, Maganga, kwa njia ileile ya misafara, babu zako waliposhusha mizigo pwani kwao. Akaanza kukutukana pale dukani, wateja wamesimama, kwamba Wanyamwezi ni watu gani, hata wakishakufa bado wanabebesha wenzao mizigo. Alikutukana vizuri sana. Akaichukua kadi yangu ya kujionyesha, akanipa ndogo, ile uliyoisema tangu mwanzo, na kwa pesa iliyobaki akanifungia kijiti cha ram na feni moja ya kupoza, kwa joto letu. Nilipotaka kumshukuru akanifukuza. Msiba wako uliongeza mfiwa mmoja ambaye hakuwahi kukuona.

Niliifunga Jumapili mchana, mvua inapiga bati. Mikono yangu imezoea spana na matairi, nikawa nashika vile vitu kwa ncha za vidole. Kadi ilikaa. Ram ikatoa kale kamlio kake ulikonifundisha kukasikiliza, kwamba kasiposikika usiwashe. Kalisikika. Nikawasha, kioo kikaleta mwanga, nikazima haraka. Sikutaka kuwa wa kwanza.

Mvua ilipokatika nikajitwika kasha kichwani, kioo na kibodi vikiwa begini mgongoni, nikaja kwenu kwa miguu. Ungeona Kanyenye ilivyonipokea. Wale mafundi cherehani wa barazani wanatujua, wakaanza kunipigia vigelegele kwamba leo Mgogo ndiye mpagazi. Nikaendelea kutembea. Nilikuwa nafikiria ndoto yangu, na kwamba huenda hukugeuka kwa sababu mtu mwenye mzigo kichwani hageuzi shingo ovyo. Nilipolielewa hilo nilijisikia vizuri, hata kama si kweli.

Mama yako alikuwa sebuleni anachambua karanga kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Baba yako alinisaidia kuishusha. Nikamwambia nimekuja kurudisha hongo. Akasema hongo hairudishwi, lakini kama nimekosa mahali pa kuiweka, meza yako ipo, mradi niwe nakuja kuitazama. Basi tukaiweka palepale pako.

Nikaufungua mchezo uliouacha mle ndani. Maganga, barabara ilikuja yote. Sikuisubiri. Ilikuwa nchi ya theluji, asubuhi, na miti ilikuwa na matawi yake na theluji juu ya kila tawi, na kwa mbali taa za nyumba, na moshi. Hakuna kilichotetemeka. Nilitamani uione kiasi kwamba nilikuachia nafasi pembeni yangu bila kujijua.

Halafu baba yako akavuta kiti. Wewe unajua hajawahi kuendesha hata pikipiki. Akaweka miwani, akaketi wima kama anapigwa picha, akabonyeza. Lori likarudi nyuma. Akabonyeza tena, likazidi kurudi nyuma, likavunja uzio, likaegemea ukuta wa kituo cha mafuta. Yeye hakushtuka. Alikuwa ameigundua honi, akawa anaupigia ule ukuta honi, kwa adabu, anausubiri upishe. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema la kuchekesha, ndiyo kazi yangu, lakini mama yako akaniwahi. Bila kuinua kichwa kwenye ungo wake alisema, "Baba Maganga, tushushe hapahapa, tutakwenda kwa miguu."

Na akacheka. Alianza kidogo, kama anayekohoa, halafu kicheko kikamshinda, ungo ukateleza, karanga zikamwagika hadi chini ya meza yako, na yeye anazitazama zinavyobingirika anazidi kucheka, na baba yako bado anapiga honi. Kumbe mle kaburini nilikuwa najitahidi bure. Kicheko chake alikuwa anacho mwenyewe, kilikuwa kinasubiri tu kitu cha kukifungua.

Nikatoka nje kwa nyuma, kwenye pipa la maji. Nikalia pale, Maganga. Nililia kwa sauti, mtu mzima, dereva. Nililia kaburi na ubaridi wake, na lile wingu, na michembe, na maswali ambayo sasa nikirudi safari hakuna wa kuniuliza. Mama yako akaja akasimama karibu, akaniwekea mkono mgongoni, mahali palepale palipokuwa na udongo.

"Sasa unaweza kulia," akasema, kisha akanishukuru kwa Kinyamwezi. "Wabeja, mtani."

Basi ndugu yangu, niache hapa, kesho alfajiri napakia asali. Nikifika Mgunda Mkali nitapiga honi, na wewe huna haja ya kugeuka. Nikirudi nitapita kwenu kabla sijaoga, nimweleze baba yako mvua ilinyesha wapi, kwa sababu ameanza kuuliza. Na nimeshawaagiza nyumbani Bahi: siku nitakayozikwa mimi, Mnyamwezi yeyote atakayelala kaburini mwangu asipewe jogoo. Apewe ng'ombe wako.

Pumzika, mpagazi. Mzigo nimeushusha kwenu.

Mtani wako,
Ndahani