Mtoto wa Baba Asiyezaliwa

Mshauri mpendwa,

Salamu nyingi kutoka mjini Wote. Naomba unisaidie kabla ya likizo ya Desemba, maana mimi ni mwenyekiti wa kamati ya huduma katika kanisa letu, na jambo dogo la wimbo linakaribia kuiharibu kazi ya Bwana tuliyoifanya kwa jasho.

Kila likizo tunakwenda Zombe, akina mama na vijana, kuwahudumia watoto ambao wazazi wao wamefungwa, tunawapikia, tunawafulia, tunawanyoa nywele, tunawafundisha Neno, nao hutuimbia wimbo wa shukrani, na mwezi wa Agosti kamati iliamua kwamba Desemba tuwapakie katika lori la muumini mmoja tuwapeleke gerezani wakawaone wazazi wao, jambo ambalo hakuna kanisa jingine la huku lililolifanya, na mgeni kutoka makao makuu atakuja na kamera.

Ili lori lisijae watoto wa watu walio huru, tuliwapanga mstari mbele ya kanisa la huko Zombe, kila mmoja aseme ni nani wake aliyefungwa. Ikafika zamu ya msichana mmoja aitwaye Mutindi, mtoto wa darasa la tatu, nami nikamwuliza kwa upole.

"Aliyefungwa kwenu ni nani?"

"Ni susu."

"Nyanya si mzazi. Baba yako ni nani?"

"Ni Ndululu."

"Na huyo Ndululu yuko wapi?"

"Hakuzaliwa."

Watoto wenzake hawakucheka, lakini vijana wetu wa kwaya walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikamwambia, "Mtoto, nyumba ya Mungu si mahali pa kuwachezea wazee. Toka kwenye mstari." Akatoka.

Ndipo mama mmoja wa pale, Kalondu, anayetuchotea maji, akaniambia, "Mwaitu, mama yangu, mtoto hakudanganya. Huyo ni wa iweto." Akaeleza kwamba nyanya huyo, Kalunde, hakujaliwa mtoto wa kiume, hivyo akatoa ng'ombe na mbuzi akamwoa msichana aitwaye Muthoki awe mke wa mwana ambaye yeye hakumzaa, akampa mwana huyo jina la Ndululu, na watoto wote wa Muthoki ni watoto wa Ndululu, na anayewalisha na kuwasomesha ni Kalunde, ambaye sasa amefungwa kwa kupika pombe ya miwa.

Mshauri, nitakuambia kweli kwa sababu hunijui. Mimi ni mzaliwa wa Mbumbuni, na boma la jirani zetu lilikuwa la iweto, nilicheza na watoto wake. Lakini Mchungaji Kivuva alikuwa amesimama karibu, na nilipoona ananitazama nikauliza, "Iweto ni kitu gani?" Naye mchungaji, ambaye kwao ni hapo hapo Zombe, ng'ambo ya mto tu, akasema, "Hata mimi neno hilo nalisikia leo." Kalondu akatutazama sisi wawili, akasema, "Aii! Wakamba wamekwisha," akajitwika debe lake akaenda zake.

Kamati ilikaa. Mchungaji alisema kwamba baba ambaye hakuzaliwa hawezi kufungwa, kwamba mama wa mtoto yuko nyumbani, na kwamba tukimpeleka kwa Kalunde tutakuwa tumeibariki ndoa ya mwanamke na mwanamke, na mgeni wa makao makuu akiuliza tutamjibu nini? Mimi mwenyewe niliiunga mkono hoja hiyo, ikapita. Nikamweleza Mutindi kwa lugha laini, nikampa sabuni mbili badala ya moja. Hakulia. Alisema tu, "Basi mkifika mumwambie susu si mimi niliyekataa kuja. Atadhani ninamwonea haya." Nikamwambia tutaona.

Sasa shida yenyewe. Tangu siku ile watoto hawaimbi. Mwalimu Nzuki wa shule ya Jumapili, tuliyemwachia kazi ya kuwafundisha, anasema wanakuja, wanakaa, wanakula, lakini akiuanza wimbo wa shukrani wote wanafunga midomo, hata wale wadogo, na akiwauliza wanasema koo zinauma. Koo za watoto wote, Mshauri, kwa wakati mmoja! Nimewapelekea peremende, nimewashonea vitambaa vya shingoni, nimefunga na kuomba. Mgeni anakuja na kamera. Nifanye nini ili watoto waimbe?

Mwenyekiti mwenye majonzi,
Wote.

*

Mwenyekiti,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali unapouliza kuhusu Mutindi. Sikupaona. Umeniuliza kuhusu wimbo.

Pole kwa uchovu. Kuwapikia na kuwafulia watoto wa watu si kazi ndogo, na wengi watakaokucheka leo hawajawahi kumnyoa mtoto wa mfungwa hata upande mmoja wa kichwa. Hiyo ni haki yako nami nakupa. Sasa nisikilize.

Watoto hao hawaumwi na koo. Wamewaona watu wazima wakimwita mwenzao mwongo kwa sababu amesema kweli, kisha wakaambiwa washukuru. Mtoto wa mfungwa ameziona hukumu nyingi kuliko kamati yako. Iliyopotoka anaijua.

Uliuliza swali, ukajibiwa, na maana ya jibu uliijua kabla Kalondu hajafungua kinywa. Mchungaji naye aliijua. Wakamba wawili wazima mlisimama juu ya vumbi la nyumbani mkiulizana iweto ni nini, kila mmoja akiogopa mwenzake atamwona mshenzi. Mngalitazamana vizuri mngalicheka, na mtoto angalipata nafasi yake katika lori.

Unasema hutaki kuibariki ndoa ya Kalunde. Nani amekuomba? Bibi huyo hakukuletea ndoa yake uibariki, yuko gerezani. Na katika mstari ule sikusikia ukiwauliza wengine kama baba zao walifunga ndoa kanisani. Ungaliwauliza, lori lingalikwenda tupu, na mgeni wenu angalimpiga picha dereva.

Unataka kujua mzazi ni nani? Mutindi ameshakuonyesha. Anaogopa Kalunde atadhani anaonewa haya. Mtoto hamwogopei hivyo mtu asiye wake. Naye Kalunde, watoto wa Zombe watakapoingia, atamtafuta wa kwake kati yao, uso baada ya uso, mpaka wa mwisho. Hatamwona, na hakuna hata mmoja wenu atakayekuwa na ujasiri wa kumweleza. Hicho ndicho mtakachompelekea Desemba, pamoja na nyimbo.

Fanya hivi. Nenda Zombe mapema, bila kwaya. Anzia kwa Muthoki, mama wa mtoto, maana katika barua nzima sijaona mtu aliyemwuliza lolote. Kaa atakapokukalisha, kula atakachokupa, umwombe ruhusa ya kumchukua binti yake akamwone nyanya yake. Kisha waite watoto mahali pale pale ulipowapanga mstari, useme kwa sauti, na kwa Kikamba ili hata wadogo waelewe, kwamba Mutindi alisema kweli nawe ulikosea. Siku hiyo usigawe sabuni. Usihubiri.

Mchungaji mwambie kwamba iweto unaijua tangu utotoni. Utashangaa jinsi kumbukumbu yake itakavyorudi upesi.

Mgeni akiuliza mtoto huyu amekuja kumwona nani, mjibu, "Mtu wake." Asiporidhika, mpeleke kwa Kalondu.

Wimbo uache. Usiwaombe watoto tena, wala usimtume Mwalimu Nzuki awaombe kwa niaba yako.

Na usiniandikie tena kuniambia kwamba lori limejaa. Likijaa, shuka wewe. Huna mtu gerezani.