Moshi Ndani ya Maji Meusi

12 Mei

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mwili mzima, roho ndiyo inayoumwa. Yale mabua ya mpunga uliyotuletea hapa kiwandani yanatutoa jasho. Yana madini ya silika, ule ugumu unaokukata vidole ukivuna. Tukiyapika kwa magadi ili tupate rojo la karatasi, silika inayeyuka humo. Tukija kuchemsha maji meusi yanayobaki, ili tuyapate tena magadi yetu, silika inaganda ndani ya mabomba kama kioo. Tunaigonga kwa patasi mpaka masikio yanalia. Fundi mkuu kasema yakiziba tena, mabua basi, na mimi niliyemshawishi nifungashe virago. Usikusanye mengine kwanza.

Mjukuu wako

20 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba. Magoti yananung'unika lakini yananifikisha. Nisikusanye? Unaniambia leo, wakati nimeshawakataza majirani wote wasichome mabua yao? Rundo limepita paa! Jirani wa mlango wa pili kila akipita ananiuliza kama nafuga tembo. Nimemwambia mjukuu wangu atayageuza karatasi. Maji nimeshayavulia nguo, sina budi kuyaoga, na wewe tutaoga wote. Hebu tumia hicho kichwa.

Bibi yako, asiyefuga tembo

3 Julai

Mjukuu wangu,

U mzima? Mbona kimya? Haya, kimya kingi kina mshindo, nausubiri. Ila yule jirani keshaniletea kiberiti, ati zawadi. Nimekiweka dirishani nikione, nisije nikasahau hasira zangu.

Bibi yako

19 Julai

Bibi wee!

Shikamoo, na hayo magoti yacheze! Nilikumbuka somo moja la chuoni: moshi ukiingia kwenye yale maji, silika huachana nayo. Nikaomba tuchukue moshi wa boila tuupulize humo. Fundi mkuu akacheka mpaka akashika ukuta: "Unafukuza mbu?" Mara ya kwanza nilizidisha, maji yote yakawa uji, akaninyang'anya ufunguo wa chumba cha boila. Nililia chooni, sikufichi. Kesho yake nikamganda mpaka akanirudishia. Nikapuliza kidogo kidogo. Silika ikatua chini, tukaichuja. Jana tumefungua mabomba: safi, Bibi, safi kabisa! Fundi mkuu kaniita Fundi Moshi mbele ya kiwanda kizima.

Karatasi hii uliyoshika ni mabua yako. Lori linafuata mengine.

Mjukuu wako, Fundi Moshi

28 Julai

Fundi Moshi, mke mwenzangu,

Marahaba mara mia! Nimelia, wala hapakuwa na moshi. Barua yako nimeikunja na kuikunjua mtaa mzima, haijachanika. Lori limekuja, rundo limekwenda. Dereva ameshawasha gari, nani huyo anakuja mbio na mzigo wa mabua kichwani? Jirani yangu! Nikamsihi dereva asubiri, maana nimeshinda, roho mbaya ya nini? Alipomaliza kupakia nikamrudishia kiberiti chake, nikamwambia akachemshie chai.

Nakujibu nyuma ya karatasi yako. Nyingine siitaki.

Bibi yako, mfuga tembo