Ukili Tuliopokezana

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini sikufunzwa kuanza maneno nawe bila shikamoo, nawe ungali mamangu.

Maji yamezidi unga, mama. Harusi ya Rukia ni wiki ijayo na mkeka wake haujatimia, ule ulioanza kuushona kabla hujaugua ili mdogo wangu aukalie siku ya kupambwa. Umebaki ukili mmoja tu, utepe uliosukwa kwa miyaa ya ukindu, wa kushonea ukingoni, ule tulioupokezana hata ulipokuwa kitandani. Hapa Malindi kila mtu ajua kwamba ukili ulioanzwa na mmoja haumalizwi na mwingine. Mikono haivuti sawa, utepe hupinda, na mkeka hautulii chini. Ila wewe na mimi. Ulikuwa ukiinuka kwenda kuswali, ukanitupia ukili mapajani, na ukirudi ukauchukua tena. Hata shangazi, na lile jicho lake la kutafuta ila, hakuwahi kuona tulipopokezana.

Sasa sikiliza nilivyojipalia makaa. Huu mfumo mpya wa 8-4-4 wataka watoto wafunzwe kazi za mikono shuleni, na sisi tunaosomea ualimu tumeambiwa kila mmoja apange utafiti mdogo juu ya ujuzi wa kwao. Nilifurahi, nikasema wangu ninao vidoleni. Mwalimu akanambia, "Vizuri. Jitazame unavyosuka, uandike kila hatua, asiyejua aweze kufuata."

Nikaja likizo, nikalowesha miyaa niliyonunua kwa mama mmoja wa kijiji cha Ganda, nikaketi uani kujitazama. Kidole gumba chafanya nini? Uvutao ni mkono wa kulia au wa kushoto? Kila nilipouliza, mkono ulisimama. Nikaulazimisha, na ukili ukatoka umepinda kama njia ya mlevi.

Nikafumua. Nikasuka tena, ukapinda tena. Nikafumua zaidi, nikitafuta mahali paliponyooka nianzie hapo, mpaka nikashtuka. Paliponyooka ni pako na pangu pamoja. Sijui wewe uliishia wapi. Huenda nimeshaifumua kazi yako ya mwisho, mama, nikaitupa pamoja na upuuzi wangu. Nililia mpaka Rukia akatoka jikoni. Akautazama ukili, akasema, "Dada, n'takalia jamvi la jirani, basi. Usijiue." Alisema kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko matusi.

Tangu siku hiyo nimeshika tama. Nataka kukumbuka ulivyonifundisha, na sikumbuki somo hata moja. Nakumbuka porojo. Ulinisimulia ya mke wa pili wa kinyozi, ukanigombeza kwa ajili ya nywele zangu, ukaniuliza ni nani yule aliyepita na kanga mpya. Nikiinamisha uso kutazama vidole, ulinigonga goti. "Hebu niangalie mimi nisemapo nawe. Ukili ukitazamwa mno huona haya." Nikidhani wanidai adabu tu. Miaka yote ile hukuniacha niitazame mikono yangu, nami nikaenda chuoni, nikarudi na kalamu kuitazama.

Sijui nitamwandikia nini mwalimu. Karatasi yangu ya utafiti ina swali moja: ajuaye akijitazama, hubaki anajua? Jibu lake mwalimu anaweza kulingoja. Rukia hawezi. Na mkono huu ukinitoka, mama, utakuwa umekufa mara ya pili, na mara hii nimekuua mimi.

Miyaa nimeilowesha upya. Naiweka kalamu chini, na yaliyobaki nitakusimulia kwa mdomo, nimeketi uani nikisuka, macho yangu kwenye mlango ulimokuwa ukitokea baada ya sala. Nina mengi: mahari, ugomvi wa shangazi na wakwe, kanga alizochagua Rukia, mbaya kwelikweli. Nitasema mpaka koo linikauke, na sitainamisha uso. Ikiadhiniwa magharibi ndipo nitatazama chini.

Naogopa, mama. Mungu akulaze pema. Na kama kuna njia yoyote, leo usiinuke kwenda kuswali mapema.

Ni mimi,
mwanao mkubwa, uliyemtupia ukili mapajani.