Povu la Verlyn

Karna, nakuandikia niko mezani kwa dada, nimevaa koti na nanuka moshi. Huyu mume wake, Verlyn, ni zuzu wa kutupwa.

Si unakumbuka alivyokuwa akilalamika kwamba upepo wa baridi unapenya kando ya meko yao ya sebuleni? Basi kanunua povu la kopo, lile la kuzibia nyufa za madirisha, kajaza mwanya wote kati ya matofali na fremu ya mbao.

Povu linaloshika moto. Kando ya moto.

Mama alimwambia atumie pamba ya mawe na gundi, vyote visivyoungua. Akajibu, "Mama, povu ni povu."

Leo kaalika ukoo mzima, kawasha kuni ili tumsifu. Povu likaanza kuchuruzika, moshi mweusi ukatanda. Na watu wetu wa Minnesota unawajua, hakuna anayetaka kumwaibisha mwenyeji. Mjomba Orville machozi yanamtiririka, anasema, "Kuna kaharufu, lakini si kabaya."

Kaharufu, Karna. Fremu inawaka nyuma ya kichwa chake. Shangazi anaomba aongezewe viazi.

Ikabidi mimi nisiye na adabu ninyakue mtungi wa kuzimia moto.

Sasa madirisha yote yako wazi, baridi ya kugandisha pua, tunakula tumevaa makoti. Na lile zuzu limechuchumaa, limeweka kiganja kando ya meko, linatabasamu.

"Mnaona? Hapa upepo hauingii tena."