Gari la Wagonjwa pale Kumsenga

Mjukuu wangu Elia, sisi hapa Kasulu tu wazima, babu yako anavuna maharage. Umeandika umeumia mguu huko kwenye kazi yako ya malori na unaogopa hospitali, ukauliza kama mimi niliwahi kuogopa.

Niliogopa sana. Tulipokimbia Burundi, mama yako akiwa bado mdogo, alichomwa na kisiki, mguu ukavimba. Nikamficha mgongoni ndani ya kitenge, maana njiani walisema gari la wagonjwa likichukua mtoto, humwoni tena. Tulipofika Kumsenga, kituo cha kupokea wakimbizi mpakani, nesi akauona ule mguu.

"Mama, mlete, mguu unaoza!"

"Mnampeleka wapi bila mimi?"

"Nani kasema bila wewe? Panda!"

Nikapanda na uoga wangu, nimempakata mama yako mpaka hospitali ya Kibondo, wakamtibu mguu nikiwa kando yake. Basi nenda leo, mwanangu, nenda na uoga wako hivyo hivyo.

Ni mimi bibi yako, ninayesubiri kusikia umekwenda.