Masikio ya Zuhura

Muscat

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuwaza hapo Kimamba, wewe na mjukuu wako, na hilo goti lako. Umekubali kuswali umekaa kwenye kiti, au bado unawaonea aibu wenzako? Mimi ni mzima, ila joto la huku linanimaliza, na kile kikohozi changu kimepungua.

Barua hii nimempa dada mmoja wa Dumila anayerudi likizo. Simu yako husikilizwa na kila anayepita barazani, na haya sitaki yafike kwa wakwe zangu Mabwerebwere kabla hujayajua wewe. Mdogo wangu Selemani akusomee akiwa hana abiria kwenye pikipiki yake, halafu afunge mdomo.

Wifi yangu Mwajuma amenitumia ujumbe wa sauti kutoka Mikumi, kule anakopika hotelini. Anasema, "Wifi yangu kipenzi, madaktari bingwa wanakuja hospitali ya huku, wanapasua bure. Nimemwandikisha Zuhura wetu, wamrudishe masikio nyuma. Wewe toa ruhusa tu, mengine niachie mimi." Niliposikia "kipenzi" machale yakanicheza. Tangu lini? Kwa Mwajuma mimi siku zote ni "yule wa Kimamba".

Unakumbuka, Mama, jinsi mwanangu alivyopokelewa kule. Ndoa yangu na marehemu Shabani ilifungwa haraka, akaenda machimboni, kifusi kikamwangukia mimi nikiwa bado na mimba. Zuhura akazaliwa mapema kuliko walivyotegemea, na ukweni wakaanza kunong'ona. Walinong'ona mpaka arobaini, siku Mwajuma, kwa kuwa ndiye shangazi, alipomnyoa mtoto nywele za kuzaliwa. Masikio yakachomoza pande zote mbili, ya Shabani matupu. Mama mkwe akapiga kigelegele, akambeba, akasema, "Huyu wetu." Maneno yakaisha palepale.

Sasa mama mkwe ametangulia mbele za haki, nyumba ya Mabwerebwere inangoja kugawanywa, na yuleyule aliyeshika wembe ndiye anayetaka masikio yaondoke. Hapo mimi nikajua kuna namna. Yakishalala, kesho si watasema mtoto huyu hafanani na mtu yeyote wa kwao, hana fungu? Ndiyo maana kila Idi nilikuwa nakuagiza umnyoe kipara kabla hajaenda kuwasalimia, wayaone.

Hiyo shughuli yenyewe si ngeni kwangu. Kwenye kliniki ninayofanyia usafi inafanyika. Watoto wanaletwa wakishakaribia kuanza shule, na watu wazima pia wanakuja. Juzi nilifagia chumba cha bwana mmoja mwenye ndevu zake, kafungwa bandeji kuzunguka kichwa kama mtu anayeumwa jino, anataka kuoa akiwa na masikio mapya. Nesi mmoja wa Mombasa akanieleza. Wanachana kwa nyuma, ule mfupa laini wa sikio wanaukunja, wanaushona ukae karibu na kichwa. Kusikia hakuguswi. Bandeji ikitoka, mtu analala na kitambaa kichwani kwa wiki kadhaa. Nikamuuliza kama mtu anaweza kuharibiwa. Akasema kidonda kinaweza kuoza kisipotunzwa, na sikio moja linaweza kukaa tofauti na jenzake. Jibu hilo lilinipa la kumkatalia Mwajuma, nikafurahi.

Nikampigia Zuhura kwanza kwa simu yako, wewe ukiwa umekwenda kisimani. Nilitaka kujua shangazi yake amemlisha maneno gani.

"Nani kakuambia habari za masikio?"

"Hakuna, mama. Mimi ndiye nilimwomba shangazi."

"Kwa nini?"

"Shuleni wananiita Dishi."

Nikamwambia hao ni watoto tu, asiwajali, kwa watu wake Mabwerebwere hakuna anayemcheka. Akasema, "Kule hawanicheki. Kila mgeni akija wananivua mtandio aone."

Mama, nilikaa chini kwenye ngazi za kliniki na ndoo yangu. Halafu akaniuliza, "Yakilala, baba atabaki kuwa baba yangu?" Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri tu.

Nimekubali apasuliwe. Lakini Mwajuma bado simwamini, usinilazimishe. Nenda na mtoto Mikumi wewe mwenyewe, goti lako nalijua, Selemani akupeleke. Muulize daktari hiyo bure inatoka kwa nani, na kidonda kikichachuka wao wakiwa wameshaondoka mtoto atapelekwa wapi. Wakikuzungusha, rudi naye Kimamba siku hiyohiyo. Wakikujibu vizuri, sawa. Na kabla hawajamgusa, Selemani ampige picha, mbele na pembeni, aihifadhi. Najua utasema nina roho mbaya. Mimi nawajua wale. Huenda Mwajuma anampenda mtoto kwa dhati, sikatai, ila nitaamini nikisikia amelala wodini pamoja naye.

Nywele usimnyoe tena. Akienda kwao Idi hii, aende zikiwa zimesukwa kama anavyotaka yeye.

Nisalimie shangazi yangu wa Mamboya, mwambie maombi yake ya kanisani yananifikia, na yule jirani yetu fundi baiskeli, na mke wa Selemani, anywe dawa za mimba asizifiche chini ya godoro. Mpe na Mwajuma salamu zangu, za kawaida tu.

Zuhura mwambie wewe jibu lake, maana mimi kwenye simu nitalia. Mwambie asubuhi ile ya kuondoka kwenda machimboni, Shabani aliweka mkono tumboni mwangu akamuaga mwanawe. Alimwita "mwanangu", wakati hakuna aliyejua ana masikio gani.

Mwanao,
Tatu